Winamp na Mizani Yake

Dirisha kuu la Winamp, programu ya kompyuta ya kucheza muziki, lilikuwa na upana wa pikseli 275 na kimo cha pikseli 116. Kwenye kioo cha kompyuta cha mwishoni mwa miaka ya 1990, chenye pikseli 800 kwa 600, eneo hilo halikufika sehemu moja ya kumi ya kioo kizima. Humo mlikaa saa ya wimbo, jina la wimbo, mchoro wa sauti unaopanda na kushuka, vipimo vya ubora wa faili, taa za mono na stirio, kidhibiti cha ukubwa wa sauti, kidhibiti cha kushoto na kulia, mstari wa kuonyesha wimbo umefika wapi, vitufe vya kucheza, kusimamisha, kurudi na kuruka, na vitufe vya kuchanganya na kurudia nyimbo. Vyote vilionekana kwa pamoja. Hapakuwa na ukurasa wa pili wa kufungua ili kutafuta kilichobaki.

Mmiliki wa programu hiyo, kampuni ya AOL ya Marekani, alitangaza kuifunga tarehe 20 Novemba 2013. Wengi waliijadili kama habari ya biashara: kampuni kubwa ilinunua kitu kizuri, ikashindwa kukiendeleza, ikakitupa. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, maana hayasemi kwa nini kitu kilichotangaziwa mwisho mwaka 2013 bado kinacheza nyimbo kwenye kompyuta za watu hadi leo. Jibu naliona katika umbo lake. Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuuliza fani imebebaje maudhui, na mimi nataka kuisoma Winamp kwa swali hilo hilo, kwa kuwa ni moja ya programu chache ambazo fani yake inastahili kusomwa kipande kwa kipande.

Winamp ilitoka Aprili 1997. Waliiandika Justin Frankel, kijana wa miaka 18 kutoka Sedona, Arizona, aliyekuwa ameacha masomo Chuo Kikuu cha Utah, na mwenzake Dmitry Boldyrev. Kampuni yao waliiita Nullsoft. Wakati huo faili za MP3, zao la watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuenea. Sauti ya CD hutumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 hutumia sehemu moja ya kumi na moja hivi, yaani kama megabaiti moja kwa dakika. Aliyezoea intaneti kafe za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa miaka ya mwanzo ya 2000 anaijua hesabu hii hata kama hakuwahi kuiona kwa tarakimu, kwa sababu CD moja iliyochomwa ilimpa Bongo Fleva, taarabu na rumba za saa kumi mfululizo, wakati kaseti ya kawaida iliishia saa moja au moja na nusu. Kilichohitajika ni programu ya kuzicheza nyimbo hizo kwenye kompyuta dhaifu bila kuielemea, na kwenye mashine nyingi programu hiyo ilikuwa Winamp.

Tuanze kusoma upande wa kushoto juu, kwenye saa. Tarakimu zake za kijani zilihesabu dakika na sekunde zilizokwisha kupita. Ukizibofya mara moja, zikageuka kuhesabu muda uliobaki. Ni jambo dogo, lakini limeonyesha kwamba mwandishi alimfikiria msikilizaji wa namna mbili. Aliyekaa kustarehe anataka kujua wimbo umefika wapi. Anayesimamia muziki wa harusi, au aliye studio akisubiri kufungua kipaza sauti, anataka kujua zimesalia sekunde ngapi. Wote wawili walihudumiwa na nafasi ile ile, na hakuna aliyelazimika kuingia kwenye mipangilio.

Kulia kwa saa kulikuwa na utepe wa jina la wimbo. Utepe huo ulitosha herufi kama thelathini, na jina likizidi hapo lilianza kutembea, likipita polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kisha zikafuata nyota tatu na jina kuanza upya. Herufi zenyewe zilikuwa picha: faili moja iliyoitwa TEXT.BMP ilikuwa na kila herufi katika kisanduku cha pikseli tano kwa sita. Humo mlikuwa na herufi kubwa za Kilatini, tarakimu, alama za uandishi, na herufi tatu za lugha za Skandinavia. Basi. Mtu mwenye nyimbo za Kiarabu alilazimika kuzima fonti hiyo na kutumia ya Windows, akapoteza uzuri wa utepe. Kiswahili kiliingia chote, hata ng' yenye ritifaa yake, kwa kuwa alama hiyo nayo ilikuwamo. Nalitaja hili kwa sababu umbo finyu huwa na watu linaowapokea na watu linaowaacha nje, na mhakiki akisifu ufinyu bila kusema hivyo anakuwa hajamaliza kazi yake.

Chini ya utepe huo palikuwa na sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tarakimu mbili ndogo: kilobiti kwa sekunde, na kilohezi. Kila wimbo ulipoanza, Winamp ilikuambia wazi faili uliyonayo ina ubora gani. 128. 192. 320. Mara nyingine 64, na hapo ulielewa kwa nini matoazi yalisikika kama maji yanayomwagika. Programu haikuwa na sababu ya kibiashara ya kukuficha ukweli huo, na haikuupamba kwa maneno kama ubora wa juu au wa kawaida. Ilikupa namba ukajiamulia. Vijana wengi walijifunza maana ya ukandamizaji wa sauti kutoka kwenye kona hiyo bila mwalimu. Leo huduma nyingi za kusikiliza muziki mtandaoni hupandisha na kushusha ubora kimyakimya kulingana na mtandao, na kioo hakionyeshi namba yoyote wakati wimbo unapita. Mimi nahesabu hiyo kuwa hasara katika adabu ya umbo: chombo kinajua jambo linalomhusu mtumiaji na hakimwambii.

Chini kabisa vilipangwa vitufe vitano: wimbo uliopita, cheza, tua, simamisha, wimbo unaofuata. Alama zake ni zile zile za redio kaseti, pembetatu ya kucheza na mraba wa kusimamisha, kwa hiyo mtu aliyewahi kugusa redio ya sebuleni kwao hakuhitaji kuelekezwa. Hadi hapo ni uazimaji wa kawaida. Ustadi uko kwenye kibodi. Vitufe hivyo vitano vinaitika herufi Z, X, C, V na B, na ukitazama safu ya chini ya kibodi utaziona herufi hizo zimepangana kushoto kwenda kulia kwa mpangilio ule ule wa vitufe kwenye kioo. Safu ya kwenye kioo na safu ya chini ya vidole vya mkono wa kushoto ni safu moja. Hukuhitaji kukariri kwamba B ni wimbo unaofuata. Mkono uliona wenyewe kwamba ni cha mwisho kulia. Nimetumia programu nyingi ambazo njia zake za mkato zimetokana na herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza, na zote zilinitaka nikariri.

Dirisha kuu lilikuwa na wenzake wawili, ekwalaiza yenye bendi kumi, kuanzia hezi 60 hadi kilohezi 16, na orodha ya nyimbo. Ekwalaiza ilikuwa na ukubwa ule ule wa pikseli 275 kwa 116. Madirisha haya yalinasana yakikaribiana, ukivuta moja mengine yakafuata. Orodha ya nyimbo ndiyo pekee uliyoweza kuirefusha, lakini nayo haikurefuka hovyo: ilikua kwa hatua za pikseli 25 kwa upana na 29 kwa kimo. Piga hesabu: 25 mara 11 ni 275, na 29 mara 4 ni 116. Kwa hiyo orodha ikipanuliwa au kufupishwa, kingo zake hurudi kukaa sawa na kingo za madirisha mengine. Mtumiaji hakuziona hesabu hizi. Aliona tu kwamba vitu vyake vimepangika, na kwamba kila akivigusa vinaendelea kupangika.

Neno mizani limenijia hapo, na sitalikwepa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa vizazi vilivyofuata kitabu hicho kikawa kipimo: mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Anayelitazama shairi la kimapokeo kwa mbali hudhani kipimo hicho kinambana mtunzi. Aliyekaa kwenye malumbano ya washairi anajua kwamba kipimo kimoja kinachojulikana na wote ndicho kinachomwezesha mvuvi wa Lamu na mwalimu wa Tanga kujibizana bila kuonana. Kila mmoja anajua mwenzake amepewa nafasi kiasi gani, na kwa hiyo anaweza kupima amefanya nini ndani ya nafasi hiyo.

Winamp iliwapa watu kipimo cha aina hiyo. Tangu 1998 mtu yeyote aliweza kuibadilisha sura yake kwa kutengeneza ngozi. Ngozi ilikuwa faili ya zip iliyopewa jina la wsz, na ndani yake mlikuwa na picha za kawaida za BMP: MAIN.BMP ya dirisha, CBUTTONS.BMP ya vitufe, NUMBERS.BMP ya tarakimu za saa, VOLUME.BMP ya kidhibiti sauti, na nyingine chache. Rangi za mchoro wa sauti ziliandikwa kwa namba katika faili ya maandishi, mistari 24. Hapakuhitajika kujua kuandika programu. Programu ya kuchorea iliyokuja na Windows ilitosha. Ulifungua picha, ukapaka rangi, ukahifadhi, ukafunga tena, ukampa rafiki.

Sheria ilikuwa moja: sura ni yako, mahali si pako. Kitufe cha kucheza ungeweza kukichora kama ua, kama tairi la gari, kama jicho, hata ukakifuta kabisa kisionekane. Bado kingekaa pikseli zile zile na kuitika pale pale. Kwa hiyo mtu akibadilisha ngozi kumi kwa siku mkono wake haukupotea. Watu walitengeneza ngozi za timu za mpira, za filamu, za katuni za Kijapani, za amplifaya za mbao, za nyuso za wapenzi wao. Makumi ya maelfu yamehifadhiwa. Nyingi ni mbaya, na hilo nalichukulia kuwa sifa, kwa maana kipimo kinachowaruhusu wachache hodari tu hakijawa mali ya watu. Nyingine ni nzuri ajabu, na uzuri wake unatokana na jinsi mchoraji alivyopambana na pikseli 116: alivyolazimisha mandhari ya milima yapite nyuma ya saa bila kuifanya isisomeke, alivyogeuza mstari wa wimbo kuwa reli. Uzuri huo usingekuwapo kama mchoraji angepewa kioo kizima.

Hata utambulisho wa watunzi ulikuwa na nafasi yake. Winamp ilikuja na faili fupi ya sauti, msemo wa mtangazaji JJ McKay wenye kumtaja mnyama llama, na ndio ulikuwa mlio wa kwanza mtu kuusikia baada ya kuisakinisha. Washairi wetu huweka jina lao kwenye ubeti wa tamati. Frankel na wenzake waliliweka mwanzoni, na kwa kizazi kizima sauti hiyo ikawa alama ya kwamba kompyuta sasa iko tayari kwa muziki.

Katika Juni 1999 AOL iliinunua Nullsoft kwa hisa za thamani ya takriban dola milioni 80. Yaliyofuata ndani ya kampuni yameelezwa mara nyingi na sina haja ya kuyarudia kwa kirefu. Machi 2000 vijana wa Nullsoft walitoa Gnutella, programu ya kubadilishana faili bila seva ya katikati, na AOL ikaiondoa mara moja, ingawa nakala zilikuwa zimeshatoka. Frankel aliondoka Januari 2004. Jambo linalouhusu uhakiki huu lilitokea katikati ya miaka hiyo, nalo ni Winamp 3.

Winamp 3, iliyotoka Agosti 2002, iliandikwa upya juu ya msingi mpya ulioitwa Wasabi, na ilivunja mizani. Sasa ngozi ingeweza kuwa na umbo lolote, vitufe mahali popote, madirisha ya mviringo, paneli za kujikunjua. Kwa maelezo ya kwenye karatasi ilikuwa hatua ya mbele. Watu waliijaribu, wakaona inaanza polepole, inakula kumbukumbu ya kompyuta, na kila ngozi inawataka wajifunze upya kitufe cha kucheza kiko wapi, wakarudi kwenye toleo la 2. Wengine hawakuwahi kuliacha.

Msomaji wa Kiswahili anaujua mgogoro wa namna hii. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974 alishutumiwa kwa kuacha vina na mizani, na bado mashairi yale yamesimama, kwa sababu alipoondoa kipimo cha nje alikuwa na mpangilio wa ndani wa kuushikilia utungo: wazo, pumzi ya mstari, taswira inayokua. Kwa hiyo sisemi kwamba kuvunja umbo ni kosa. Nasema Winamp 3 ilivunja umbo na haikuwa na kingine cha kulishika. Uhuru wake ulikuwa uhuru wa msingi wa programu, wa wahandisi waliotaka kuonyesha kwamba kila kitu kinawezekana. Msikilizaji hakuuomba. Mnamo Desemba 2003 ilitoka Winamp 5, iliyopata namba yake kwa kujumlisha 2 na 3, nayo iliziruhusu ngozi za zamani zirudi pamoja na mpya. Ilikuwa programu nzuri, na kwa vitendo ilikiri kwamba pikseli 275 kwa 116 zilikuwa na haki yake.

Kufikia hapo wasikilizaji walikuwa wanahama. Apple ilikuwa imetoa iPod mwaka 2001, na iTunes ikaunganisha duka, maktaba na kifaa cha mfukoni. Kwetu mabadiliko yalipitia simu zaidi: memori kadi, vibanda vya kuwekea nyimbo, baadaye Boomplay na YouTube. Winamp nayo ilitoa toleo la Android, lakini dirisha lililojengwa kwa kipanya na kibodi halikuwa na cha kukiambia kidole gumba. Na lazima niseme upungufu mwingine ambao wapenzi wake huuruka: herufi za kimo cha pikseli sita ziliwatesa wenye macho dhaifu tangu siku ya kwanza, na kioo kilivyozidi kuwa na pikseli nyingi dirisha lile lilizidi kusinyaa. Njia ya kulikuza maradufu ilikuwapo, nayo ilitosha kwa muda tu.

Sasa tulisome tangazo la Novemba 2013. Tovuti haitapatikana baada ya tarehe 20 Desemba, huduma zinazohusiana nayo hazitapatikana, programu haitapatikana kwa kupakuliwa: ndivyo lilivyoarifu, kwa kauli zisizo na mtenda. Hakuna aliyeamua, hakuna sababu iliyotolewa, na jina la AOL halikusimama kuwa kiima cha tendo lolote la kufunga. Shukrani zikaja mwishoni, kwa miaka zaidi ya 15. Baada ya miaka hiyo yote ya chombo kilichokuambia hadi kilobiti za wimbo wako, tangazo la kukifunga halikumwambia mtumiaji lolote la maana.

Ila lilikuwa na ombi lililoelekezwa kwa msomaji moja kwa moja. Lilimwomba apakue toleo la mwisho kabla ya tarehe kufika. Siku ya tangazo toleo hilo lilikuwa 5.66. Katika ombi hilo ndimo ilimokaa tofauti kati ya programu ya mezani na huduma ya mtandaoni, na sidhani kama walioliandika walikusudia kuionyesha. Ukiwa na faili ya kusakinisha, na folda ya nyimbo, kufungwa kwa ofisi hakukugusi. Tarehe 21 Desemba Winamp ingecheza kama ilivyocheza tarehe 19. Linganisha na Google Play Music, iliyofungwa mwishoni mwa 2020: watumiaji walitakiwa wahamishie maktaba zao kwenye YouTube Music, na baada ya Februari 2021 vilivyobaki vikafutwa, pamoja na nyimbo ambazo watu wenyewe walikuwa wamezipakia. Huko kufungwa ni kufungwa kweli. Mlango, nyumba na vilivyomo huondoka pamoja.

Watumiaji walisaini maombi ya kuiokoa Winamp, Desemba ikapita bila tovuti kuzimwa, na Januari 2014 kampuni ya Radionomy ya Ubelgiji ikainunua pamoja na SHOUTcast, mfumo wa Nullsoft wa kurushia redio mtandaoni. Ukafuata ukimya mrefu. Toleo la 5.8 lilitoka 2018 baada ya nakala yake kuvuja. Lakini wakati wamiliki wamenyamaza, umbo lilikuwa likifanya kazi kwingine. Webamp, iliyoandikwa na Jordan Eldredge, huchora dirisha lile lile ndani ya kivinjari na kusoma faili zile zile za wsz, kwa pikseli zile zile. Audacious kwenye Linux huzisoma pia. Eldredge alizikusanya ngozi katika jumba la makumbusho la mtandaoni, na hazina ya Internet Archive inazihifadhi. Hakuna kati ya kazi hizi iliyoongozwa na mmiliki wa jina la Winamp. Ziliwezekana kwa sababu kipimo kilikuwa wazi, kimeandikwa ndani ya kila ngozi iliyowahi kutolewa. Ukiwa na ngozi moja unajua upana wa dirisha, mahali pa kila kitufe, ukubwa wa kila herufi.

Ndiyo maana tukio la Septemba 2024 lilinisikitisha. Mmiliki wake wakati huo, Llama Group, aliuweka hadharani msimbo wa Winamp, na kwa siku chache ilionekana kwamba hatimaye kila kitu kimekabidhiwa kwa watu. Kisha watu wakaisoma leseni. Ilikualika uchangie marekebisho, ikakukataza kusambaza toleo ulilolirekebisha mwenyewe. Msimbo wenyewe ulikuwa umechanganyika na vipande ambavyo mmiliki hakuwa na haki ya kuvitoa. Mwezi uliofuata hazina nzima iliondolewa. Nimeisoma leseni ile kama nilivyolisoma dirisha, na hukumu yangu ni kwamba vilipingana. Mwaka 1998 kijana angeweza kufungua ngozi, kuipaka rangi na kumpa jirani yake bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2024 alipewa ruhusa iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, na jambo la kwanza ililomnyima ni kumpa jirani.

Frankel mwenyewe aliendelea kuandika programu. REAPER, programu yake ya kurekodi muziki, ni faili ndogo ya kusakinisha, hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na watumiaji wake hujitengenezea sura zake. Mkono ni ule ule.

Kwa wanaoandika programu za muziki leo, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Goma, nina ombi. Pakueni ngozi moja ya zamani ya Winamp kutoka Internet Archive. Badilisheni mwisho wa jina lake kutoka wsz kuwa zip, kisha mfungue. Mtakuta picha chache, hakuna nywila, hakuna sharti. Kaeni nazo, mpime kila kitufe kilivyokaa, mbadilishe kimoja na kuona kinavyoitika. Halafu andikeni programu ambayo msikilizaji ataweza kuifungua hivyo hivyo, na ambayo nyimbo zake zitabaki kwake hata kampuni yenu ikifungwa.